Nani Alichimba Matuta? Kukosoa Kitabu cha Ardhi na Siasa ya Uluguru

Katika madarasa yetu ya elimu ya siasa, somo la kilimo lina sura mbili zinazofundishwa mbalimbali. Katika sura ya kwanza, mwanafunzi husoma historia ya harakati za kudai uhuru, na humo hujifunza kwamba wakulima wa Uluguru waliyakataa matuta ya mkoloni mwaka 1955. Katika sura ya pili husoma sera za kilimo, na humo hujifunza kwamba mkulima wa mlimani hana budi kuchimba matuta ili aihifadhi ardhi. Sura ya kwanza hupigiwa makofi, na ya pili huandikwa daftarini. Ni wachache wanaouliza: mkulima aliyekuwa shujaa alipoyakataa matuta mwaka 1955, inakuwaje aitwe mzembe anapoyakataa leo?

Swali hili si la mzaha. Dunia nzima leo inatafuta njia ya kuongeza mavuno bila kuiua ardhi inayoyatoa, na milima ya Uluguru imo katikati ya swali hilo. Humo hutoka maji ya Mto Ruvu, tegemeo kubwa la Jiji la Dar es Salaam. Oktoba 2022, mto ulipopungua na maji yakaanza kutolewa kwa mgao jijini, vidole vilinyooshwa haraka kwa wakulima na wafugaji wa bonde la mto huo. Katika hali kama hiyo amri huandikwa upesi. Kabla hatujaandika amri nyingine, yatupasa tuisome upya ile ya kwanza, pamoja na kitabu kilichojaribu kueleza kwa nini ilishindwa.

KITABU NA WAANDISHI WAKE

Kitabu hicho kilitolewa London mwaka 1960 kwa jina la Land and Politics among the Luguru of Tanganyika. Marekani kilitolewa kwa jina la Smoke in the Hills. Waandishi wake ni wawili. Roland Young alikuwa mwanachuoni wa elimu ya siasa kutoka Marekani. Henry Fosbrooke alikuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika utumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kwa hiyo mmoja aliitazama Uluguru kwa jicho la msomi mgeni, na mwingine kwa jicho la mtumishi wa serikali iliyokuwa imeshindwa. Walitaka kueleza mvutano wa kisiasa uliozuka katika Wilaya ya Morogoro mwaka 1955.

Tuanze na mema yake, maana ukosoaji usiokiri mema ni matusi tu. Kitabu kinaeleza kwa makini jinsi ardhi ya Uluguru ilivyomilikiwa na ukoo, jinsi urithi ulivyopita upande wa mama, na jinsi mkuu wa ukoo alivyokuwa na kauli katika kugawa mashamba. Kinaonyesha pia jinsi mkoloni alivyoweka utawala wa Sultani na wandewa juu ya koo ambazo kila moja ilikuwa na mizizi yake. Kada anayetaka kufanya kazi Uluguru bila kuyajua haya atapotea njia. Si desturi yetu kuukataa ukweli kwa sababu umeandikwa na mtu wa upande wa pili.

Hata hivyo, kitabu hiki kina kosa la msingi. Uzito wa maelezo yake umelala juu ya swali la utawala: nani alikuwa na mamlaka, mamlaka hayo yalitoka wapi, na kwa nini mamlaka mapya hayakukaa vizuri juu ya yale ya zamani. Kwa mtazamo huo, ghasia za 1955 huonekana kama ugonjwa wa muundo wa utawala, na dawa yake ni utawala uliopangwa vizuri zaidi. Sisi tunasema kwamba maelezo haya yana sehemu ya ukweli, lakini yameanzia barazani yakashuka kwenda shambani. Uchambuzi wa haki ungeanzia shambani. Ungeuliza kwanza: nani alichimba matuta, kwa siku ngapi, katika udongo gani, kwa chakula gani, na mavuno yakawa ya nani?

NINI KILITOKEA MLIMANI

Hofu iliyozaa amri ya matuta haikuzaliwa Uluguru. Katika miaka ya 1930, nyanda za kati za Marekani zilikumbwa na tufani za vumbi baada ya ardhi kulimwa kwa pupa kwa ajili ya soko la ngano. Mwaka 1935 serikali ya nchi hiyo iliunda idara maalumu ya kuhifadhi udongo. Habari hizo ziliwafikia maofisa wa kikoloni wa Afrika Mashariki, nao wakaanza kuona jangwa katika kila mteremko uliolimwa na Mwafrika. Tuzingatie jambo hili: udongo wa Marekani uliharibiwa na kilimo cha kibiashara kilichotumia mashine kubwa, lakini adhabu ikaja kumwangukia mkulima wa jembe la mkono.

Ndipo mwaka 1950 ukaanza Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Kiini chake kilikuwa matuta ya ngazi, yaani kuukata mteremko uwe sakafu bapa moja juu ya nyingine, mfano wa ngazi za nyumba. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Watu walitakiwa kutoa siku zao kuchimba, wandewa wakageuzwa kuwa wanyapara, na waliokaidi wakapelekwa mahakamani.

Serikali iliyowafundisha Waluguru kutunza udongo ilikuwa, katika miaka hiyo hiyo, na somo lake yenyewe huko Kongwa, si mbali na Morogoro. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulifyeka pori kwa matingatinga katika nchi yenye mvua haba na udongo mfinyanzi unaokauka ukawa kama saruji. Ulipofutwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza pauni milioni 36 hivi za walipa kodi wa Uingereza. Hakuna mtaalamu aliyefungwa kwa kuuharibu udongo wa Kongwa, lakini mkulima wa Uluguru angeweza kushitakiwa kwa kutochimba tuta.

Mwezi Julai 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima, wakulima walikusanyika kwa wingi kupinga mpango huo. Polisi walitumia nguvu, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango uliachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa kwake tarehe 7 Julai 1954, iliwakuta wakulima wa Uluguru wakiwa tayari wamejifunza kwa vitendo maana ya kutawaliwa bila kuulizwa.

HESABU AMBAYO HAIKUFANYWA

Je, Waluguru waliyakataa matuta kwa sababu ni watu wa kale wasiopenda mabadiliko? Ukweli wa mlima wenyewe unakanusha dai hilo. Nenda Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo. Huko utakuta matuta ya ngazi yakilimwa na Waluguru hao hao, juu yake kabichi, viazi, njegere na mboga nyingine zinazoshushwa kwenda soko la Morogoro na Dar es Salaam. Kabila ni moja, jembe ni moja, na mkoloni alikuwa mmoja. Kwa nini upande mmoja matuta yakaendelea, na upande wa pili yakaletea damu?

Jibu liko katika hesabu tatu ambazo mpango wa 1950 haukuzifanya.

Hesabu ya kwanza ni ya udongo. Katika miteremko mingi ya Uluguru, udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Ukiukata mteremko kuwa sakafu bapa, udongo wa juu unafukiwa na ule wa chini usio na rutuba unaletwa juu. Mahindi yaliyopandwa juu yake yalidumaa. Mkulima hakuhitaji maabara kuliona hilo, kwa maana alililiona katika chungu chake. Tena Waluguru walikuwa na njia yao ya zamani: walikusanya magugu na mabua kwa mistari inayokingama mteremko, wakayafukia kwa udongo, yakaoza na kuwa mbolea huku yakipunguza kasi ya maji. Njia hii ilikuwa na mipaka yake, lakini ilifanya kazi mbili kwa pamoja, kulisha udongo na kuushika. Mtaalamu aliyepaswa kuanzia hapo na kuiboresha aliipita bila kuitazama.

Hesabu ya pili ni ya nguvu kazi. Tuta la ngazi hula siku nyingi za kazi ngumu kabla halijarudisha hata debe moja. Huko Mgeta, maji ya mfereji na soko la mboga viliirudisha gharama hiyo. Mkulima alivuna zaidi ya mara moja kwa mwaka, akauza kwa fedha taslimu, akatia samadi katika sakafu yake hata udongo wa chini ukawa hai. Huko Matombo, ambako mkulima alitegemea mvua, akapanda mahindi na mpunga wa mlimani kwa ajili ya kula, hakuna kilichoirudisha. Siku aliyochimba tuta la serikali ni siku aliyoacha palizi ya shamba lake. Kumtaka mtu huyo achimbe ni kumtaka akopeshe nguvu zake kwa mdaiwa asiyelipa.

Hesabu ya tatu ni ya haki. Mlimani, mtu aliweza kulima shamba asilokuwa na mamlaka kamili juu yake, kwa kuwa ardhi ilikuwa ya ukoo. Mwanamume alilima ardhi ya ukoo wa mkewe, na mgeni alilima kwa ruhusa ya wenye ardhi. Kupanda mti au kujenga kitu cha kudumu kuliweza kuonekana kama kudai umiliki. Tuta nalo ni kitu cha kudumu. Kwa hiyo aliyechimba alijiuliza: kesho shamba likirudi kwa wenyewe, jasho langu litarudi kwa nani? Wengine waliogopa jambo kubwa zaidi, kwamba ardhi ikishatengenezwa vizuri itachukuliwa na serikali. Katika nchi ambamo walowezi walikuwa wamekwisha kupewa mashamba ya mkonge katika tambarare za chini, hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu.

Ukizifanya hesabu hizo tatu, utaona kwamba muundo wa ukoo na wa utawala, ambao Young na Fosbrooke wanaueleza vizuri, ndio uliotoa njia ya kupitia hasira. Lakini hasira yenyewe ilizaliwa katika kazi isiyo na malipo, juu ya udongo uliopinduliwa, katika shamba lisilo na uhakika. Hapo ndipo kitabu kilipopungukiwa.

NA SISI JE?

Ingekuwa rahisi kumalizia hapo, tukamlaumu mkoloni na kupigiana makofi. Huko kungekuwa kukwepa wajibu wa kujikosoa. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, uliwakataza viongozi majivuno na ubabe. Katika kifungu cha 28 ulikataa kuita maendeleo jambo ambalo wananchi hawakushirikishwa katika kulifikiri na kulipanga. Mwaka uliofuata, huko Iringa, Chama kilitoa tamko la Siasa ni Kilimo, ambalo liliwataka viongozi wajifunze kilimo bora na kukieneza: mbegu bora, mbolea, kupanda kwa wakati, palizi. Nyaraka hizo mbili zilipaswa kusomwa pamoja, ya kwanza ikieleza namna ya kuongoza na ya pili ikieleza jambo la kuongozea.

Katika utekelezaji zilitenganishwa. Makada wengi walilichukua tamko la Iringa wakauacha Mwongozo mezani. Katika wilaya nyingi zilitungwa sheria ndogo za kumlazimisha kila mwenye nguvu kulima eneo fulani la zao fulani, na asiyetimiza alitozwa faini. Maneno yalikuwa yetu, na bendera ilikuwa yetu, lakini mbinu ilikuwa ile ile ya 1950. Ekari zilihesabiwa kwa sababu ni rahisi kuhesabu, nayo rutuba haikuhesabiwa. Mkulima wa mteremko mkali aliyehimizwa kuongeza ekari aliongeza kwa kupanda juu zaidi, hadi ukingoni mwa msitu. Hivyo kampeni ya tija isiyojua ardhi iligeuka kuwa kampeni ya mmomonyoko.

Nasi walimu hatukupona kosa hilo. Miaka michache iliyopita tuliwapeleka wanafunzi wetu katika kijiji kimoja cha upande wa mashariki wa milima, kwa mafunzo ya vitendo. Kijana mmoja, hodari wa maneno, alisimama akaeleza faida za matuta kama tulivyomfundisha. Alipomaliza, bibi mmoja mkulima aliinua mkono, akasema: "Mjukuu wangu, umesema vizuri. Sakafu hiyo nitaichimba mimi. Mwaka wa kwanza mahindi yakigoma, utaniletea wewe unga?" Kijana alitugeukia sisi walimu wake, nasi hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemfundisha kuhutubia, hatukumfundisha kufanya hesabu pamoja na bibi yule. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

WATU WENGINE, MITEREMKO MINGINE

Uluguru si peke yake. Huko Kenya, katika nchi ya Murang'a, wanawake waliandamana mwaka 1948 kupinga kazi ya lazima ya matuta, kwa sababu mzigo wa kuchimba ulikuwa umewaangukia wao. Lakini katika Kenya hiyo hiyo kuna mfano wa pili unaowastahili makada wetu. Wilaya ya Machakos ilitajwa na maofisa wa kikoloni katika miaka ya 1930 kuwa ardhi iliyokwisha kufa. Mwaka 1932 ilikuwa na watu kiasi cha 240,000, na mwaka 1989 walikuwa wamefika kiasi cha milioni 1.4. Kwa nadharia ya kwamba watu wengi ndio adui wa ardhi, Machakos ingekuwa jangwa. Uchunguzi wa Tiffen, Mortimore na Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kinyume: mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa eneo yalikuwa yameongezeka.

Nini kilifanyika? Wakulima walichimba makingamaji yao wenyewe, wengi kupitia vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, ambamo wanawake walikuwa nguvu kubwa. Walichagua zaidi aina ya tuta ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mtaro, kisha mteremko hujisawazisha polepole kwa miaka, bila kuufukia udongo wa juu kwa siku moja. Wakulima huliita fanya juu, na jina hilo la Kiswahili sasa linatumiwa na wataalamu wa udongo wa nchi nyingi. Kahawa, mboga, matunda na soko la Nairobi vililipa gharama ya kazi, na umiliki wa shamba ulimpa mchimbaji uhakika. Tukumbuke pia kwamba mshahara wa ndugu aliyefanya kazi mjini ulisaidia. Hata hivyo jambo moja ni dhahiri: tuta lililokataliwa lilipoamriwa lilichimbwa lilipolipa.

Tutazame mbali zaidi. India iliongeza ngano yake kutoka tani milioni 12 hivi mwaka 1965 hadi tani milioni 20 hivi mwaka 1970, kwa mbegu fupi mpya, mbolea na umwagiliaji. Njaa iliyotabiriwa ilizuiwa, na asidharau jambo hilo mtu aliyeshiba. Lakini katika jimbo la Punjab, kitovu cha mapinduzi hayo, maji ya chini ya ardhi yameshuka mwaka hadi mwaka kwa kuvutwa kuliko yanavyojaa. Huko tija iliongezwa bila hifadhi, na deni linalipwa na kizazi cha baadaye.

Sri Lanka ilikosea kwa upande wa pili. Mwaka 2021 serikali yake ilipiga marufuku kwa ghafla uingizaji wa mbolea na dawa za viwandani, ikiwaamuru wakulima wote wageukie kilimo hai msimu huo huo. Mboji ya kutosha haikuwapo, wala muda wa kujifunza. Mavuno ya mpunga yalianguka, nchi iliyokuwa ikijilisha mchele ikaagiza kutoka nje, na kufikia Novemba mwaka ule ule amri ikaondolewa. Tusijidanganye kwamba amri inakuwa nzuri ikipakwa rangi ya kijani. Matuta ya 1950 na marufuku ya 2021 ni ndugu wa baba mmoja: yote mawili yalimtaka mkulima abebe hasara ya mwaka wa kwanza peke yake.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Msomaji anaweza kuuliza: Je, mnasema mkulima aachwe afanye apendavyo? La, hatusemi hivyo. Baada ya matuta kuachwa mwaka 1955, mmomonyoko haukusikia habari za ushindi wa siasa. Tarehe 23 Februari 1970, mvua kubwa ya saa chache iliinyeshea Mgeta, na maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000 yakatokea kwa siku moja. Wachunguzi walioyapima walikuta kwamba karibu yote yalianzia katika mashamba na katika nyasi, na machache sana yalianzia penye msitu. Mizizi ya miti mikubwa ilikuwa imeushika mlima. Hilo ni jambo la maumbile, nalo halibadiliki kwa makofi ya mkutano.

Kwa hiyo mtaalamu wa kikoloni hakukosea aliposema udongo unakwenda. Alikosea alipodhani kwamba kwa kuwa anajua udongo unakwenda, basi anajua pia nani abebe gharama ya kuuzuia. Uzalendo usiotaka kuyaona maporomoko ya 1970 ni upofu. Utaalamu usiotaka kuona damu ya 1955 nao ni upofu. Nadharia sahihi hushika yote mawili: ardhi ina sheria zake zisizobembelezwa, na mkulima ana hesabu zake zisizoamrishwa.

KAZI YA KADA

Ni nini basi kinachotupasa? Tunaweka mambo manne mbele ya wenzetu.

Kwanza, tuache kuligawa somo la kilimo katika kambi mbili, ya mbolea ya kiwandani na ya mboji. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imerudisha ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliosajiliwa, na wakati huo huo inao mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai wa mwaka 2023 hadi 2030. Kada asizitumie sera hizo kugombanisha watu. Mbolea ikimwagwa juu ya mteremko usio na kinga huishia mtoni, na mboji peke yake katika udongo uliochoka sana huchukua miaka kurudisha rutuba. Swali la kuuliza kila mahali ni moja: katika shamba hili, la mtu huyu, nini kitaongeza mavuno mwaka huu bila kupunguza udongo wa mwaka kesho?

Pili, anayenufaika na maji alipe sehemu ya jasho linaloyatunza. Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Kuanzia mwaka 2006, katika vijiji vya Kibungo juu ya bonde la Ruvu, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima walilipwa kwa kuweka makingamaji, kupanda miti na kubadili namna ya kulima. Watumiaji wakubwa wa maji wa Dar es Salaam, DAWASCO pamoja na kiwanda cha Coca-Cola, walihusishwa kama walipaji. Ulikuwa mradi wa majaribio, na mradi una mwisho. Lakini msingi wake ni wa haki kuliko faini ya mkoloni, na unapaswa kugeuzwa kuwa utaratibu wa taifa, usiotegemea hisani ya wafadhili. Mji unaokunywa maji ya mlima usimwite mtu wa mlimani mharibifu kabla haujauliza umemlipa nini.

Tatu, uhakika wa ardhi uende mbele ya mti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume. Katika Uluguru, ambako ukoo wa mama una uzito wake, kazi hii inataka busara: hati isije ikatumika kumnyang'anya mwanamke ardhi ambayo mila ilikuwa imempa. Vivyo hivyo mipaka ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, ilindwe kwa nguvu zote, lakini wanaoishi ukingoni mwake wasaidiwe kuvuna zaidi katika mashamba waliyo nayo. Msitu huwa salama pale shamba la chini linapotosha.

Nne, utaalamu ukae karibu na jembe. Morogoro ina bahati ya pekee. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko chini ya milima hiyo hiyo tangu kilipoundwa mwaka 1984. Shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, SAT, lililoanzishwa mjini hapo mwaka 2011, limekuwa likifundisha wakulima mboji, matandazo, kilimo mseto na makingamaji, kwa njia ya mkulima kumfundisha mkulima mwenzake na kwa mashamba ya mfano. Tunasifu njia hiyo kwa sababu inaanza na kipande kidogo. Mkulima hujaribu pembeni mwa shamba lake, na hasara ikitokea haigusi chungu. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mpango wa 1950 haukuwa na subira ya kuifanya.

Ndugu makada na wanafunzi, kitabu cha Young na Fosbrooke kisomwe. Kisomwe kwa jembe mkononi, pamoja na Mwongozo na tamko la Siasa ni Kilimo, na kila ukurasa uulizwe swali lile lile: nani alichimba, na nani alivuna? Bibi yule wa upande wa mashariki bado anangoja jibu la swali lake kuhusu unga wa mwaka wa kwanza. Chama kinachoweza kumjibu kitaona matuta yakichimbwa bila mnyapara. Kisichoweza kumjibu kitaandika sheria ndogo, na mlima utaendelea kushuka mtoni kila masika.